Wazee wetu wasilipishwe jina la dawa

Kuna maradhi ambayo katika jamii zetu hayatajwi ila kwa kunong'ona, nayo maradhi ya tezi dume ni miongoni mwayo. Mwanamume aliyesimamia boma lake, akasomesha watoto na kuongoza mabaraza ya kijiji, hufika umri wa miaka sitini akajikuta anaamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, na asimwambie mtu. Atasingizia baridi. Atasingizia chai ya jioni. Akija kusema, maji yamekwisha kumfika shingoni. Juu ya haya hiyo mengi yameandikwa, na si shabaha yangu leo kuyarudia. Ninalotaka kulijadili ni lile linalomkuta mzee huyo baada ya kuishinda haya, akaenda kwa daktari, akapewa cheti, kisha akafika kwenye duka la dawa na kutajiwa bei.

Hoja yangu ni kwamba dawa kuu za kutuliza maradhi hayo si mali ya kampuni yoyote tena. Haki za pekee za kuzitengeneza zimekwisha muda wake, na viwanda vingi duniani huzitengeneza kwa gharama ndogo. Mzee anayeshindwa kuzinunua, aghalabu hashindwi na dawa yenyewe, bali hushindwa na jina lililopigwa chapa kwenye paketi. Na jina halijapata kumtibu mtu.

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, nacho huuzunguka mrija unaopitisha mkojo. Kadiri mwanamume anavyozeeka ndivyo tezi hiyo inavyonenepa na kuubana mrija. Wataalamu wanakadiria kuwa karibu nusu ya wanaume wa umri wa kati ya miaka 51 na 60 wana uvimbe huo, na miongoni mwa waliopita miaka 80 idadi hufikia tisa katika kila kumi. Uvimbe huu si saratani, ingawa dalili za maradhi haya mawili zaweza kufanana, na ndiyo sababu ni lazima mtu apimwe na daktari kabla ya kumeza chochote. Ukipuuzwa, mkojo waweza kuzuilika ghafla, mgonjwa akakimbizwa hospitali usiku wa manane kuwekewa mpira, na figo zake zikadhurika.

Dawa zinazotumiwa sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, na mgonjwa huweza kupata nafuu katika siku chache au majuma machache. Ya pili ni finasteridi, ambayo huuzuia mwili kuigeuza homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, ile inayoinenepesha tezi. Hii hufanya kazi polepole, na yaweza kupita miezi sita kabla ya mgonjwa kuona manufaa yake. Dutasteridi ni ndugu yake. Kwenye paketi majina hayo huandikwa kwa tahajia ya kimataifa, yaani tamsulosin, finasteride na dutasteride, na ningemwomba kila msomaji ambaye ana mzee nyumbani ayaweke akilini.

Hizi si dawa za siku tatu kama zile za malaria. Anayeanzishiwa dawa hizi huenda akazimeza kila siku kwa miaka mingi, pengine hadi mwisho wa uhai wake. Hebu tupige hesabu rahisi. Tuseme tofauti ya bei kati ya tembe yenye jina kubwa na tembe isiyo na jina hilo ni shilingi 50 tu. Kwa mwaka mmoja wa siku 365, tofauti hiyo ni shilingi 18,250. Kwa miaka kumi ni shilingi 182,500. Kwa mkulima mdogo au mstaafu wa pensheni ya kubahatisha, fedha hizo ni ng'ombe, ni karo, ni paa la nyumba.

Sasa tutazame dawa hizi zilitoka wapi, maana bila ya historia hiyo mtu hawezi kujua analipia nini. Mwaka wa 1974 Daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watu fulani wa Jamhuri ya Dominika, ambao miongoni mwao baadhi ya wavulana huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni. Ilibainika kwamba wanaume hao walipokomaa, tezi dume zao zilibaki ndogo. Kampuni ya Merck ya Marekani iliishika fununu hiyo, ikatafuta kemikali ya kukizuia kimeng'enya kile, na mwaka wa 1992 ikapewa idhini ya kuuza finasteridi kwa jina la Proscar. Tamsulosini nayo ilitoka kwa kampuni ya Yamanouchi ya Japani, ikaanza kuuzwa huko mwaka wa 1993 kwa jina la Harnal, na mwaka wa 1997 ikaingia Marekani kwa jina la Flomax.

Siwabezi wavumbuzi hao. Kutafuta dawa mpya ni kazi ya miaka mingi na ya gharama kubwa, na tembe moja inayofaulu huwa imetanguliwa na nyingi zilizotupwa. Ndiyo sababu ulimwengu umeweka hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutengeneza na kuuza kitu chake peke yake kwa muda maalumu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya akili, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, uliuweka muda huo kuwa miaka 20 tangu hataza inapoombwa. Lakini hataza ni mapatano ya pande mbili. Umma humwachia mvumbuzi apandishe bei kwa muda, naye hukubali kuwa muda huo ukiisha, elimu ile itakuwa ya watu wote. Mvumbuzi amekwisha kupokea fungu lake. Umma nao unastahili kupokea lake.

Na muda umekwisha. Huko Marekani, finasteridi ilianza kutengenezwa na viwanda vingine mwaka wa 2006, tamsulosini mwaka wa 2010, na dutasteridi mwaka wa 2015. Dawa zinazotengenezwa hivyo ndizo ziitwazo dawa za jeneriki, maana yake dawa zenye kiini kile kile, kwa kipimo kile kile, bali bila ya jina la biashara la mvumbuzi. Haziruhusiwi kuuzwa kiholela. Mtengenezaji hutakiwa kuthibitisha kwamba dawa yake hufika katika damu ya mtu kwa kiasi na kwa mwendo usiotofautiana na ule wa dawa ya asili ila ndani ya mipaka iliyowekwa. Hachezi kamari na mwili wa mgonjwa.

Wapo wanaoamini kwamba dawa za jeneriki ni za maskini, na kwamba matajiri wa ng'ambo hawazigusi. Hayo ni makosa. Nchini Marekani, katika kila vyeti kumi vya daktari vinavyopelekwa kwenye maduka ya dawa, karibu tisa hutimizwa kwa dawa za jeneriki. Ikiwa taifa tajiri kama hilo limeona si aibu kuacha kulipia jina, sisi tunaohesabu shilingi moja moja tunajivunia nini?

Finasteridi hiyo hiyo inatupa mfano wa namna bei inavyoweza kutengana na kiini cha dawa. Tembe ya tezi dume huwa na miligramu 5. Mwishoni mwa mwaka wa 1997 kampuni ile ile iliidhinishwa kuuza tembe ya miligramu 1 kwa jina jingine, Propecia, kwa ajili ya wanaume wanaonyonyoka nywele. Tembe hii ndogo haikuuzwa kwa moja ya tano ya bei ya ile kubwa. Wamarekani wengi waligundua hila hiyo, wakawa wanatafuta tembe ya miligramu 5 na kuikata vipande kwa kisu. Kemikali ilikuwa moja, kampuni ilikuwa moja, bali bei ilifuata haja ya mnunuzi na jina la paketi. (Nalitaja kama funzo la bei, si kama ushauri, kwa sababu vumbi la tembe hiyo iliyovunjwa lisiguswe na mwanamke mjamzito, laweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.)

Hapa ndipo penye kitendawili. Ikiwa hataza zimekwisha na dawa za jeneriki zipo, mbona wazee wetu bado wanalipishwa majina? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kalamu ya daktari. Madaktari wengi huandika kwenye cheti jina la biashara badala ya jina halisi la dawa. Pengine ni mazoea ya tangu chuoni, pengine ni kazi ya mawakala wa makampuni wanaopita hospitalini wakigawa kalamu, kalenda na maneno matamu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sitasema kwamba dawa zinazotembezwa ni mbaya, ila dawa nzuri ya bei nafuu haina wa kuitembeza.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliandikiwa jina la namna hiyo. Alinunua dawa ya mwezi wa kwanza kwa taabu. Mwezi wa pili akaanza kuruka siku, akimeza leo na kuacha kesho, ili paketi idumu. Mwezi wa tatu mkojo ukazuilika, akawekewa mpira. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi kwa daktari kumweleza, alinijibu, "Ningemwambiaje mtu aliyenisaidia kwamba siwezi kununua alichoniandikia?" Daktari mwingine alipomwandikia dawa ile ile kwa jina lake halisi, Mwalimu alilipa chini ya nusu ya bei ya awali. Hakuna aliyemficha habari hiyo kwa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyeona kuwa ni wajibu wake kumwambia.

Sababu ya pili ni duka lenyewe. Mwenye duka hupata faida kubwa zaidi katika bidhaa ya bei kubwa. Nawajua wafamasia waaminifu ambao, kabla hata ya kuulizwa, humweleza mteja kwamba ipo ya bei nafuu. Lakini uaminifu wa mtu mmoja mmoja si sera. Sokoni, mnunuzi wa viazi aweza kuviona, kuvishika na kulinganisha mafungu. Mnunuzi wa dawa huletewa paketi moja, akatajiwa bei moja, na nyuma yake pana foleni.

Sababu ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokita mizizi zaidi, ni hofu. Wananchi wengi huchanganya dawa ya jeneriki na dawa bandia. Husema rahisi ni ghali, wakaona afadhali kukopa wanunue yenye jina. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Dawa bandia zipo, na zimeua watu. Lakini bandia ni ile inayodanganya kuhusu kilicho ndani yake au mahali ilikotoka. Ya jeneriki haidanganyi. Imeandikwa waziwazi kilichomo, kipimo chake na kiwanda kilichoitengeneza.

Mchanganyiko huo wa fikra uliwahi hata kuingia katika sheria zetu. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008 ilifafanua maana ya bidhaa ghushi kwa upana ambao ungeweza kuzimeza dawa za jeneriki. Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2009 kuipinga, na mnamo Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika, vikitumiwa kuwanyima wananchi dawa za jeneriki, vilihatarisha haki zao za uhai, heshima na afya zilizomo katika Katiba. Watatu hao hawakujitetea wao peke yao. Mzee wa tezi dume, mama wa shinikizo la damu na kijana wa kifafa, wote walitetewa siku ile, ingawa wengi wao hawajapata habari.

Tulikuwa tumekwisha kulijifunza somo hili kwa machungu. Miaka ile Ukimwi ulipokuwa ukizoa vijana wetu, dawa za kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingeziuza za jeneriki kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, inayoruhusu kuagizwa kwa dawa ambazo zimekwisha kuuzwa kihalali katika nchi nyingine. Inaipa serikali pia uwezo wa kuruhusu matumizi ya uvumbuzi wenye hataza pale maslahi ya umma yanapodai.

Vifungu hivyo si pambo. Kwa upande wa saratani ya tezi dume, hataza ni ukuta wa kweli. Abirateroni, dawa inayorefusha maisha ya mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2011, na huko za jeneriki hazikuonekana hadi mwishoni mwa 2018. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, miaka saba ni mingi kuliko uhai aliobakiwa nao. Lakini kwa uvimbe usio saratani, ambao ndio unaowasumbua wazee walio wengi, hatuna ukuta wa kuubomoa. Tuna mlango uliokwisha kufunguliwa, nasi tumesimama nje tukibishana kuhusu jina.

Lazima nikiri kwamba anayeuliza habari ya ubora ana haki ya kujibiwa. Kapsuli ya tamsulosini imetengenezwa ili itoe dawa kidogo kidogo, na ndiyo sababu haipasi kufunguliwa wala kutafunwa. Kiwanda kizembe kikiitoa dawa yote kwa mkupuo, mzee aweza kusimama akaona kizunguzungu na kuanguka. Kwa hiyo siombi dawa rahisi tu, naomba dawa rahisi iliyopimwa. Uwezo huo tunao. Maabara yetu ya kitaifa ya kudhibiti ubora wa dawa, iliyoko Nairobi, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2008. Kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilipata uthibitisho wa shirika hilo kwa dawa ya virusi vya Ukimwi mwaka wa 2011. Nchi iliyofikia hapo haiwezi kudai kwamba imeshindwa kumhakikishia mzee tembe ya kukojoa.

Basi tufanyeje? Kwanza, madaktari na waandike majina halisi ya dawa. Majina hayo ya kimataifa hayana mwenyewe. Utaratibu wake uliasisiwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1950, kwa nia hii hii ya kulipa kila dawa jina moja lijulikanalo kote. Daktari mwenye sababu ya kitabibu ya kutaka dawa ya kampuni fulani na aiandike, na aieleze sababu hiyo.

Pili, kila duka la dawa na lilazimishwe kumwonyesha mteja dawa ya bei ya chini kabisa iliyosajiliwa, na bei zibandikwe ukutani kama zinavyobandikwa za petroli. Tatu, Bodi ya Dawa na Sumu na iwe ikichukua sampuli madukani mara kwa mara na kuyatangaza matokeo kwa Kiswahili, redioni na magazetini, ili imani ya wananchi ijengwe juu ya ushahidi. Nne, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, pamoja na serikali za kaunti, ziangalie kwamba dawa hizi hazikosekani katika hospitali za umma. Gharama ya tembe za mwaka mzima ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumlaza na kumpasua mtu aliyezuilika mkojo.

Tano, na hili nawaambia wazee wenyewe na watoto wao. Mwulizeni daktari, bila ya haya, "Je, dawa hii ina ya jeneriki?" Msijinunulie bila ya kupimwa, kwa kuwa huenda ni saratani inayojificha. Anayetumia finasteridi au dutasteridi na amwarifu kila daktari anayempima damu kwa ajili ya saratani, maana dawa hizo hukishusha kipimo kiitwacho PSA hadi karibu nusu, na daktari asiyejua aweza kudhani mambo ni shwari. Atumiaye tamsulosini na amwarifu daktari wa macho kabla ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Tena msiruke siku ili paketi idumu. Mkishindwa na bei, semeni.

Ibara ya 43 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mara nyingi serikali hujitetea kwamba haki hiyo ni ghali na hazina ni tupu. Katika jambo hili utetezi huo hausimami. Elimu ya kuitengeneza dawa ni ya wote, viwanda vipo, maabara ipo, sheria ipo, na hukumu ya mahakama ipo. Kilichobaki ni daktari abadilishe neno moja kwenye cheti, muuzaji atoe paketi ya pili kabatini, na serikali isimame nyuma ya paketi hiyo na kusema, "Hii tumeipima." Wazee waliotujengea nchi hii hawajatuomba makubwa. Wanaomba walale usiku.